Mabati Juu ya Madebe

Katika siku zote za usichana wangu, mwanangu, ipo moja ambayo bado inanikereketa: siku kaka yangu Salim alipopandisha mabati mapya juu ya nyumba ya mama yetu, Majengo, Pumwani. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, na hakuna aliyekuwa na raha. Baba alikuwa amefariki majuma machache nyuma, na mama alikuwa amekaa eda.

Nyinyi wa siku hizi eda mnaisikia tu. Mjane alikaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, haonwi na wanaume wasio maharimu wake. Mama aliishikilia yake kwa meno.

Nyumba zetu zilikuwa za udongo na fito. Mapaa yalikuwa ya madebe ya mafuta ya taa, yaliyokatwa, yakanyooshwa kwa nyundo, yakapigiliwa moja likilalia jingine kama magamba ya samaki. La mama lilikuwa limeliwa na kutu. Mvua kidogo tu, tunatandaza sufuria chumba kizima. Masika yalikuwa yanabisha hodi, basi Salim akaleta mabati na fundi.

Fundi alipanda ngazi, akagongagonga, akashuka. Akasema, "Bwana Salim, haya madebe tuyabandue kwanza, nizione boriti."

"Ubandue!" Salim akamrukia. "Mama yuko eda humo ndani. Unataka akae wazi, wanaume wamchungulie kutoka juu? Au nimtoe, Majengo nzima iseme watoto wa marehemu wamemfukuza mjane edani? Pigilia juu kwa juu!"

Fundi akapigilia juu kwa juu, misumari mirefu, bati na debe pamoja. Jioni paa likameta, na majirani wakaja kumsifu Salim kwamba amemsitiri mama yake.

Mimi nilikuwa msichana wa mdomo, na mdomo huo ninao mpaka leo. Kila asubuhi nikifagia chumba cha mama nilikuta unga wa mbao sakafuni, na mwingine kwenye shuka lake. Mchwa! Nikamwendea Salim. "Kaka, boriti zinaliwa. Mama ahamie kwa shangazi, mtaa wa Shauri Moyo, mpaka eda iishe."

"Hawa, wewe kazi yako kelele," akanijibu. "Eda unaijua kuliko mama mwenyewe?"

Nikamgeukia mama. Akasema polepole, "Niache, mwanangu. Sitaki baba yako asemwe akiwa kaburini." Lo! Hasira zilinipanda mpaka machozi yakanitoka. Lakini ni nani wa kumtoa mama kwa nguvu?

Alasiri moja mvua ilinikuta kwenye foleni ya bomba. Nikasikia kishindo, kisha mayowe upande wa kwetu. Nilitupa debe langu la maji nikakimbia. Boriti zilikuwa zimevunjika, na paa la zamani na jipya, kwa kuwa yalishonana kwa misumari, yalikuwa yameshuka kwa pamoja juu ya chumba cha mama. Wanaume walivuta, hawakuweza. Kila bati waliloshika lilikuwa limeng'ang'ania madebe chini yake, ikabidi waite wengine, na mvua haikatiki.

Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye tope, namwita. Mwanzoni aliitika. Akasema, "Hawa, nipe kanga nijifunike, wanaume wanakuja." Nikavua yangu ya mabegani, nikaipenyeza, mkono mzima ukaingia chini ya bati, nikahisi ameishika. Nilipomwita tena hakuitika.

Salim akaenda kwa Maalim Idi, mzee aliyetufundisha Kurani sote wawili, nami nikamfuata. Maalim hakupaza sauti. "Salim, leo umekuja kuniuliza habari za maziko. Habari za paa, mbona hukuja? Mwenye eda akihofia nyumba kumwangukia, dini inamruhusu ahame, akaimalizie penye usalama. Ungeniuliza, ningekujibu hapo hapo mlangoni."

"Niliogopa watu, Maalim."

"Basi hao watu ndio watakaotusaidia kumzika."

Salim aliishi miaka mingi baada ya hapo, na sikumsikia tena akitaja watu watasema nini. Nilimsamehe, lakini ilinichukua muda, sikufichi.

Sasa, mwanangu, juzi ulinieleza kwamba vigae vya nyumba yako ya Buruburu vimepasuka, na fundi atalaza mabati juu yake kwa sababu hutaki jirani aone paa lako likiwa wazi. Ukaona nimenyamaza, ukadhani ni uzee. Si uzee. Ving'oe hivyo vigae. Zitazame mbao kwa macho yako, iliyooza itoke, hata mkilala wiki nzima chini ya turubai na mtaa mzima ukiwacheka. Tena, desturi ikikufunga mikono, muulize anayeijua kabla hujamuumiza mtu kwa ajili yake. Kuuliza hakukupunguzii kitu. Na wa nyumbani mwako akikwambia kuna hatari, usimwambie ana kelele.

Mungu awahifadhi wote wanaolala nyumbani kwako, akupe na moyo wa kuwahofia wao kuliko unavyowaogopa majirani. Amin.