Niliacha biashara ya viazi nikaunda ndege na rafiki yangu, lumbesa nusura ituangushe

Kamwene wakuu. Kwa wa mikoa mingine, hiyo ndiyo salamu yetu Wahehe, itikieni halafu mkae.

Naandika kwa kidole kimoja na elimu yangu ya darasa la nne, mtanivumilia. Ila haya nayasimulia kama yalivyokuwa, na godauni tulimoiundia ndege lipo Ilula kando ya lami, mtu apite alione.

Mimi ni mzee wa viazi. Nafuata Mbeya kule Uyole, nashusha Ilula, wateja wa Dar wanabeba. Nimeifanya kazi hiyo tangu enzi lori likipanda Kitonga, utingo anatembea pembeni na gogo la kuwekea tairi.

Nina rafiki anaitwa Kanti. Mhindi, mzaliwa wa Iringa mjini, ana duka la spea za magari. Kihehe anakijua kuliko watoto wangu.

Ujanani Kanti alisomea urubani. Leseni yake kaitunza mpaka uzeeni, anarusha ndege za kuazima. Siku moja akaja Ilula, akakaa juu ya gunia.

"Baba Neema, macho yangu yanaondoka. Daktari kanipitisha safari hii, safari ijayo hanipitishi."

Nikampa pole.

"Sikuja kufuata pole. Nataka godauni lako. Nimeagiza ndege."

Wakuu, kuna ndege zinauzwa kwenye makasha, wanaita kit. Unaletewa mabati ya aluminium, ribiti za kubania mabati hayo, injini na kitabu kinene cha maelekezo. Unaunga mwenyewe. Inabeba watu wawili. Mkaguzi anakuja kuipima, ikifaulu ndiyo inaruhusiwa kuruka.

Kanti alitaka kitu kimoja tu. Arushe ndege yake mwenyewe kabla macho hayajamkatalia.

Ndege na viazi haviwezi kulala nyumba moja. Nikamaliza mzigo, nikawaambia wateja napumzika kidogo. Mama Neema, mke wangu, akauliza, "Unapumzika, unaumwa?"

"Hapana. Naunda ndege na Kanti."

Akaendelea kupepeta mchele. Baadaye sana ndiyo akasema, "Ukimaliza hiyo, utaunda na treni?"

Nitoke nje ya mada kidogo. Ndege ya kwanza kuiona kwa karibu ilikuwa ya kupulizia dawa kwelea kwelea, bonde la Usangu, mimi kijana nimefuata mpunga. Ilipita chini mpaka nikajitupa kwenye mfereji na baiskeli yangu. Nilipotoka, mwenye shamba akaniambia nimlipe mpunga niliolalia. Basi tangu hapo ndege nilikuwa naziheshimu kwa mbali.

Turudi.

Kazi ilikuwa tamu. Kanti anasoma kitabu cha Kiingereza, ananitafsiria, mimi natoboa na kupiga ribiti. Madereva wa malori wakinunua nyanya barabarani lazima waje kuchungulia. Mmoja akaniuliza, "Mzee, hii Makambako inashusha abiria?" Nikamwambia inashusha, ila haisimami.

Sasa hapa ndipo penyewe.

Tulipofika kwenye mkia, Kanti akaitwa dukani kwake mjini, akakaa huko siku kadhaa. Mimi nikaendelea peke yangu. Kitabu kina picha, matundu yameachana mbali. Nikaangalia ile nafasi kati ya ribiti na ribiti, nikaona hawa watu wabahili.

Mnielewe. Mimi nimekulia kwenye lumbesa. Gunia linajaa, halafu juu yake unashonea kofia, unajaza tena mpaka linakuwa na shingo. Najua imekatazwa, sitetei. Nasema mkono umezoea. Kwetu kitu kikiishia usawa wa mdomo kimepungua, na mteja anakuangalia kama umemwibia.

Nikaongeza ribiti katikati ya kila ribiti. Nikakata na bati la ziada, nikalilaza kwa ndani, nikalipiga ribiti nalo. Nikafunga. Moyo wangu mweupe kabisa.

Kanti aliporudi akaupapasa mkia kwa kiganja, akaugonga. "Mgumu huu. Safi."

Tukamaliza ndege yote. Ilipendeza wakuu, sina maneno.

Mkaguzi akaja, Injinia Rehema, binti mdogo tu, akatupa shikamoo zetu. Akaweka mizani chini ya kila gurudumu. Akapima. Akapima tena. Akaenda nyuma, akachungulia na tochi.

"Mzee, hizi ribiti nani kaziongeza?"

"Mimi," nikasema, nasubiri sifa.

"Na hili bati la ndani?"

"La kuongezea nguvu, mwanangu."

Akashusha pumzi. "Babu, umeiwekea ndege lumbesa."

Akatueleza taratibu. Mkia ukizidi uzito, ndege inainua pua juu na rubani hawezi kuishusha. Inaanguka naye. Na yale matundu ya ziada yamelidhoofisha bati lenyewe.

Mimi mtu wa mizani, nikatoa dawa: "Basi tuweke madini ya risasi kwenye pua, uzito ulingane."

"Utalingana, halafu ndege itakuwa nzito mno. Huku ni juu, hewa ya Iringa nyepesi. Itakimbia uwanja mzima isinyanyuke. Fumueni mkia, agizeni mabati mengine, muunge kama kitabu kinavyosema."

Alipoondoka tukaanza kupiga hesabu ya siku. Mabati yanatoka ng'ambo, na mvua zinakuja. Cheti cha macho cha Kanti hakisubiri. Mimi nilishaona nimemuua rafiki yangu akiwa hai.

Kanti akasema, "Baba Neema, ningekuwa naona vizuri ningezihesabu zile ribiti. Niliugusa mkia, sikuuangalia. Tugawane kosa."

Na simu nayo ikaanza. Viazi vimeadimika Dar, wateja wote wananitafuta mimi. Nikakaa kwenye benchi naangalia simu inaita. Nirudi kwenye kazi ninayoijua, au nibaki na mkia nilioharibu?

Mama Neema alikuwa ametuletea chai. Akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono. "Leta hiyo simu."

"Ya nini?"

"Uyole naijua njia. Wewe katoboe ribiti zako."

Akaondoka nayo, na kesho yake akapanda basi la Mbeya. Biashara akaibeba yeye.

Kufumua kunachosha kuliko kuunga. Unatoboa kichwa cha kila ribiti polepole, tundu lisipanuke. Mabati mapya yalipofika, nikapiga ribiti pale tu palipoonyeshwa. Mkono ulikuwa unawasha kuongeza. Nikimaliza mstari, Kanti anainama na lenzi yake anakagua moja moja, ndipo tunaendelea.

Injinia Rehema akarudi. Mizani ikakubali.

Tukaifungua mabawa, tukaibeba kwa lori langu la viazi mpaka uwanja wa Iringa, tukayafunga tena. Mara ya kwanza sheria inataka rubani peke yake. Kanti akakimbia na lami, na kabla sijamaliza Baba Yetu alikuwa hewani. Akazunguka juu ya mji, akatua, akaruka kidogo kama chura, akasimama. Alishuka analia, na mimi nikajifanya naangalia tairi.

Alipotimiza saa za majaribio akanipandisha. Tulikwenda Mbeya. Ile njia iliyokula ujana wangu nikaiona yote iko chini, misitu ya Mufindi, Makambako, lori dogo kama punje, halafu milima ya Mbeya hiyo hapo. Kanti njia nzima anaimba tu kwa pua.

Mwaka huu daktari hakumpitisha, kama alivyosema mwenyewe. Nilimfuata mjini nikidhani nitamkuta amejifungia. Nikamkuta dukani anabishana na mteja bei ya beringi. Akaniambia, "Wamenikatalia nikiwa nimeshashiba."

Sasa tumekodi rubani kijana wa kuirusha ndege. Anakuja Jumapili, mmoja wetu anakaa siti ya pembeni, mwingine anasubiri zamu chini.

Mimi nimerudi kwenye viazi, ila bosi sasa ni Mama Neema. Simu hajarudisha, na sijaidai.

Nilichojifunza: kuongeza si kusaidia kila mara. Muulize kwanza anayekwenda kuendesha. Na kama una rafiki mwenye hamu yake na muda unamwishia, funga godauni. Viazi vitaota tena.

Wenye maswali ya kit niulizeni, nitajibu nikishashusha mzigo. Na wale wa kusema hii chai, semeni, ila njooni na sukari.