Waliniambia Mama Yuko Ubundu

Naitwa Zaina, na kabla ya yote mjue kwamba nilikuwa na sauti. Enzi zile za Zaire, wanawake wa mtaa wetu hapa Kisangani walipokusanywa kuimba nyimbo za chama, mimi ndiye niliyeanzisha. Chama sikukijali sana. Nilipenda kuimba tu. Mama alinitania, "Zaina, utaimba mpaka kuku zitakimbia nyumba."

Kazi yetu ilikuwa kukausha samaki kwa moshi. Tuliwapanga juu ya waya nyuma ya nyumba, tukawasha kuni, tukageuza samaki huku machozi yakitutoka. Mto ukitoa samaki wachache, Mama alivuka ng'ambo akapanda treni ya Ubundu kutafuta wengine huko. Sote tulikohoa. Tulisema ni kifua cha moshi, ada ya kazi, basi.

Mvua kubwa zilipoanza mwaka ule, kifua changu kilibana na hakikufunguka. Nilipotoa pumzi ilipiga filimbi. Sikuweza kulala chali, nilikaa nimeegemea ukuta na mdomo wazi. Makohozi yalikuwa mazito, ya njano, kisha ya kijani, yakinuka hata mimi mwenyewe nikageuza uso. Nilikohoa mpaka nikajikojolea. Mwanamke mzima, na Mama ananibadilisha kikwembe nilichojifunga kiunoni.

Akanifukiza. Familia zetu zilizotoka Maniema zilifanya hivyo kwa kila ugonjwa wa kifua: makaa kwenye chungu, majani, ubani, na blanketi zito juu ya mgonjwa. Na kwetu mgonjwa hafunikwi peke yake. Mtu wake wa karibu huingia naye, asije akaogopa. Mama aliingia nami kila siku, akanikumbatia kwa nyuma. Ndani ya giza lile la moshi nilisikia filimbi mbili. Nilidhani zote ni zangu.

Siku midomo yangu ilipogeuka rangi, Tonton Ramazani, mdogo wake Mama, alinipakia kwenye baiskeli yake akanisukuma hadi hospitali. Mama na dada yangu, Yaya Mwajuma, walifuata wakikimbia. Daktari alinichoma sindano ya mshipa, akapiga picha ya mapafu, akaagiza makohozi yangu yapimwe. Majibu yalipotoka alituita sote.

"Citoyenne, uko na asthme, pumu, tena ile ya nguvu," alisema, akiniita raia kama ilivyokuwa desturi enzi zile. "Njia za hewa zimevimba ndani. Alors, pale penye uvimbe, microbes, vijidudu, zimeingia, zimejenga nyumba. Nikituliza uvimbe peke yake, microbes zitabaki. Nikiua microbes peke yake, uvimbe utaziita tena. Donc, dawa mbili, pamoja, mpaka mwisho."

"Na moshi?" Mama aliuliza.

"Moshi hapana, Mama. Hata ubani, hapana."

Mama alitazama mikono yake. "Mimi nilizani namusaidia," alisema. Ninaisikia sauti hiyo mpaka leo, na leo bado inaniuma.

Daktari aliinamisha kichwa, akasikiliza. "Na weye, Mama, unapumua mubaya. Kuya nikupime."

"Kwanza mutoto yangu," Mama akajibu. "Nani atamupikia?"

Hospitali haikumpa mgonjwa chakula. Kwa hiyo Mama alikuja kila mchana na sufuria imefungwa kwenye kitambaa: lituma ya ndizi, ameitwanga laini kabisa ili nisikabwe, na sombe, majani ya muhogo, juu yake. Alikaa kitandani akinitazama nikimeza. Siku moja aliyekuja ni Yaya. Lituma ilikuwa na mabonge.

"Mama iko wapi?"

"Alienda Ubundu, kutafuta samaki."

Nilikasirika. Kuniacha hivi, kwa sababu ya samaki? Siku zilipita, nikauliza tena. "Treni iliharibika," alisema Yaya. "Wako wanangoja pièce ya injini." Nani wa Kisangani angeshuku treni kuharibika? Niliamini. Hata nikaanza kumwekea Mama vipande vya sabuni, maana alipenda sabuni ya hospitali.

Dawa zilifanya kazi. Homa ilishuka, makohozi yakawa meupe, nikalala chali kama mtu. Nilivimba uso kwa vidonge, nikacheka nilipojiona kwenye dirisha. Siku ya kuruhusiwa nilikuta Tonton amekaa kando ya kitanda changu, kofia yake mkononi. Nyuma yake alisimama daktari, na sindano iko tayari kwenye sinia. Nilijua kabla Tonton hajafungua mdomo.

"Zaina, Mama hakuenda Ubundu," alisema Tonton. "Kifua yake ilifunga pale nyumbani, sufuria yako iko juu ya moto. Tulishamuzika. Munganga huyu alisema tukikuambia, utalia, na utakufa pia."

Niliinua kilio, na kifua kikabana papo hapo. Filimbi ilirudi. Daktari alinishika mkono. "Lia polepole, citoyenne. Polepole." Mnajua mtu anavyomlilia mama yake polepole? Hajui mtu. Nilimeza kilio changu, nikarudi nyumbani nacho. Waya za samaki zilikuwa baridi.

Ninyi wenye kifua kama changu, msifukizwe. Mezeni dawa mpaka ziishe, hata mkijisikia wazima. Na mleta chakula akipumua vibaya, mshusheni sufuria mkononi, mpelekeni kwa daktari siku ile ile, hata akikataa. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule. Yaya na Tonton nawashukuru pia kwa uongo wao, ingawa ilinichukua muda kuusamehe.

Samaki niliacha, nikauza chumvi na mafuta. Miaka ilipita, nami sikuthubutu kulia. Halafu asubuhi moja nilikuwa natwanga ndizi, nikatazama ndani ya kinu: lituma ilikuwa laini, laini kabisa, kama yake. Kilio kikatoka chote, kwa sauti ile niliyoimbia zamani, majirani wakaja mlangoni. Nilipomaliza nilinyamaza nikisubiri filimbi.

Haikuja. Nikavuta pumzi, nikaanza tena kumlilia Mama.