Nyumba ya Magogo na Maneno ya Papa

Juzi, hapa Fisksätra, nje kidogo ya Stockholm, jirani yangu alikuwa akipaka boti lake la mbao lami ya msonobari. Ile harufu, nzito kama ya nyama iliyokaushwa kwa moshi, ilinirudisha kwenye nyumba moja ya magogo niliyoingia nikiwa darasa la tatu, mkono wangu ukiukwepa mkono wa papa, baba yangu.

Wakati huo tuliishi Spånga, mtaa mwingine wa Stockholm. Papa alifanya usafi uwanja wa ndege, na siku hiyo aliomba ruhusa kazini ili alisindikize darasa letu, maana shule ilihitaji mzazi mmoja. Alivaa suti yake ya kanisani na viatu vilivyong'aa. Wazungu wote, wakubwa kwa wadogo, walivaa mabuti ya mpira. Nilitembea hatua tano mbele yake.

Nyumba ile ililetwa kwenye makumbusho ya Stockholm kutoka mbali kaskazini, gogo kwa gogo, kila moja likiwa limechongwa namba yake. Mwalimu alitusimulia habari za wenyewe: mume na mke waliohamia msituni na ng'ombe mmoja, wakafyeka, wakapitisha baridi ya kwanza katika kibanda cha matawi. Walizaa watoto saba. Binti wa mwisho alibaki humo peke yake mpaka kufa kwake, na kitanda chake kilikuwa bado kando ya meko, kifupi mno, hata tukacheka na kubishana kama alikuwa akilala ameketi.

Papa hakucheka. Alikuwa akipapasa kizingiti cha mlango polepole, kama anayepapasa shingo ya ng'ombe. Kisha akaniinamia.

"Ambia mwalimu, hata baba yangu alifanya hivi. Kule kwetu milimani alikuta pori tupu. Ni yeye alikata mti wa kwanza. Uliza kama wanataka niwaelezee."

Darasa zima liligeuka kututazama. Mwalimu akaniuliza papa anasema nini.

Nikajibu kwa Kiswidi kwamba anauliza iko wapi toalett, yaani choo.

Mwalimu akamwonyesha kwa kidole. Papa alinitazama kidogo, akashukuru, akatoka. Nilimwona dirishani akivuka matope kwa viatu vyake vile, akaingia chooni, akakaa humo muda mrefu. Nikajiona mjanja.

Kwenye treni ya kurudi alinimenyea chungwa, akaniuliza kama nimeshiba.

Miaka minne baadaye, katika somo langu la kwanza la Kifaransa, mwalimu aliandika ubaoni majina ya vyumba vya nyumba. *Toilettes*. Lilikuwa karibu neno lile lile nililomwambia mwalimu siku ile. Papa alisoma Kifaransa kule Kongo tangu akiwa mdogo. Alikuwa ameelewa, na bado alikwenda, ili nisionekane mwongo mbele ya wenzangu.

Sikumwomba msamaha, nilikuwa nikingoja siku nzuri. Mara moja tu nilimuuliza habari za boma la babu. "Wewe uko na mtihani, mama," alisema, jina alilozoea kuniita. "Siku ingine." Akaugua, akafariki kabla sijamaliza sekondari.

Boma lile halipo tena, na vita viliwatawanya waliolikumbuka. Watoto saba wa nyumba ya magogo nawajua wote kwa majina. Kuhusu babu yangu najua tu kwamba alikuta pori, akakata mti wa kwanza, na kwamba mwanawe alikuwa tayari kutueleza yaliyofuata.