Gauni la Kuongezwa Kiuno

Nimekaa na jambo hili miaka minne. Leo acha nilitapike.

Mimi ni fundi cherehani. Ulikuwa mwezi wa saba tangu jeshi lifunge barabara zote za kuingia mjini kwetu, na kazi yangu ilibaki moja tu: kupunguza. Suruali, sketi, sare za shule, zote punguza. Mkanda wangu mwenyewe nilishautoboa matundu manne mapya.

Sasa siku hiyo akaingia Mama Mkunga, aliyewazalisha wanawake wa mtaa mzima, mke wangu akiwemo. Kajifunika shuka hadi shingoni.

"Fundi mwanangu, niongezee gauni hili kiunoni."

"Kuongeza, mama? Si kupunguza?"

"Kuongeza. Linanibana."

Nikamkodolea macho. Jamani, mji mzima tumebaki mifupa, huyu gauni linambana!

"Hela sina," akasema, akaniwekea kikombe cha dengu mezani. Kimejaa pomoni.

Mke wangu alizipika mchana huohuo. Watoto waliikwangua sufuria mpaka ikalia.

Na mimi, badala ya kushukuru, mdomo ukaniwasha. Nikamnong'oneza kinyozi wa mlango wa pili: "Yule mama ana ghala ndani. Ananenepa huku sisi tunakufa."

Kinyozi naye akatia chumvi. Kufika saa kumi, kikombe kimekuwa magunia.

Watu kama thelathini tukavunja mlango wake. Ndiyo, tukavunja. Nilikuwemo, tena mbele. Tukapekua uvunguni, tukapasua mito, mmoja akapanda hadi darini.

Tulipata kopo moja. Lilikuwa na punje tatu za dengu.

Mama alikuwa amekaa kitandani. Akaivuta shuka taratibu, akatuonyesha miguu. Imevimba, inang'aa. Akaibonyeza kwa kidole, na shimo likabaki palepale.

"Huu si unene, wanangu," akasema. "Ni njaa. Ikizidi, inavimbisha miguu mpaka tumbo."

Kinyozi ndiye aliyetoka wa kwanza. Wengine wakafuata, hakuna aliyeokota hata mto mmoja.

Nilibaki nimesimama kama mjinga. Akaniangalia.

"Watoto walikula, fundi?"

"Walikula, mama."

"Basi vizuri."

Gauni nililiongeza jioni hiyohiyo. Alilivaa siku tisa. Malori ya chakula yaliporuhusiwa kuingia, tulikuwa tumeshamzika nalo.

Waliofunga barabara wana dhambi yao, siwabebei. Yangu ni hii: nilikula chakula chake cha mwisho, kisha nikaenda kumpekua kama mwizi. Mpaka leo mtu akiniletea nguo ya kuongeza, nasingizia cherehani mbovu.

Ndugu unayesoma, ukimwona jirani yako amebadilika, muulize anaumwa nini kabla hujauliza ameficha nini.