Kupeleka Isale Ngare Nanyuki kwa Skuta Isiyochaji

Niliondoka nyumbani Levolosi, mjini, kwa sababu moja tu: baba yangu alitaka dada yake amsamehe kabla hajafa.

Dada yake huyo, shangazi Ndeanasia, aliishi Ngare Nanyuki, ukishapita Momela. Alikuwa mgonjwa wa muda mrefu. Alfajiri ile binti yake, dada Naomi, alinipigia simu. "Mdogo wangu," akasema, "kama mjomba ana neno kwa mama, neno hilo lije leo. Kesho sikuahidi."

Baba na shangazi walikuwa hawasemezani tangu bibi, mama yao, alipozikwa. Mwaka ule mvua ilikata barabara ya Momela, shangazi akachelewa. Wazee wakasema maiti haiwezi kungoja zaidi, na baba, mtoto wa kiume pekee, akakubali. Shangazi alifika akakuta udongo umeshasawazishwa na watu wanakula. Hakupiga hata kelele. Alimwambia baba, "Umenizikia mama," akageuka na matope yake miguuni akarudi alikotoka. Mimi nilikuwepo, na mpaka leo nikikumbuka mgongo wake nasikia uchungu.

Sisi Wameru, mtu akitaka msamaha wa kweli hapigi simu. Anatuma isale, lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani na makaburini, likiwa limefungwa fundo. Ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe, uwe umeudhiwa namna gani. Ila kwenye ukoo wetu lazima uipokee mwenyewe, kwa mkono wako, ukiwa umeketi. Hakuna wa kukupokelea. Baba yangu ana kiharusi, mkono wa kulia na mguu vimekataa kazi. Fundo alilifunga barazani kwa mkono wa kushoto na meno. Nilitaka kumsaidia akanikata jicho.

"Usimpe Naomi," akaniambia. "Umpe yeye."

"Sawa, baba."

"Na uende polepole."

Haya, polepole hiyo nisingeikosa hata kwa kuitafuta. Mimi nauza chapati na maandazi kwenye maofisi ya mjini, na chombo changu ni skuta nyekundu ya zamani. Siku zile ilikuwa imeanza visa. Ukibonyeza selfu ya kuiwasha inakohoa, taa ya mbele inafifia ukisimama kwenye foleni, honi inalia kama mbuzi mwenye mafua. Kiki yake, ya kuwashia kwa mguu, ilishakatika, kwa hiyo betri ikigoma na wewe umegoma. Asubuhi hiyo iliwaka mara ya kwanza tu nilipobonyeza, nikamshukuru Mungu, nikalifunga jani kwenye khanga safi nikaliweka chini ya kiti.

Tengeru nilipita vizuri. Kahawa ilikuwa imechanua pembeni, na Mlima Meru ulikuwa wazi mpaka juu, jambo ambalo si la kila siku. Nilikuwa na moyo mwepesi kabisa, jamani. Nilikuwa hata nimeshapanga maneno ya kumwambia shangazi.

Maji ya Chai nilisimama kununua ndizi na sukari, maana kwa mgonjwa huendi mikono mitupu. Nikazima injini. Kurudi, nabonyeza selfu: tiki, tiki, basi. Vijana wa bodaboda waliokuwa kwenye kituo chao wakaanza.

"Mama, isukume tukusaidie!"

"Isukumwe iende wapi?" mwenzao akawajibu. "Skuta haina gia. Mtaisukuma mpaka Moshi na haitawaka."

Wakanielekeza kwa fundi aliyekaa chini ya bati kando ya soko, mtu mzima mwenye kofia ya sufu. Akagusisha nyaya za mita yake kwenye betri, akatikisa kichwa. "Betri haina kitu, mama. Niichaji nusu saa utaondoka."

"Ni betri kweli? Wiki mbili hizi inasumbua."

"Betri ndiyo moyo wa chombo. Moyo ukilala, mwili unalala."

Maneno matamu, nami nikayaamini. Kijana mmoja wa bodaboda aliniambia, "Mama, iache hapa nikukimbize, utaichukua ukirudi." Nikakataa. Nilifikiri, nusu saa ni nini? Na jioni nitarudi kwa usafiri gani kwa baba, mgonjwa wangu wa nyumbani? Betri ikawekwa kwenye chaja. Hatujamaliza hata kikombe cha chai, umeme wa mtaa mzima ukakatika.

Tukakaa. Mchana ukaingia. Naomi akapiga simu.

"Uko wapi? Mama anauliza."

"Maji ya Chai, dada. Nakuja sasa hivi."

"Nimwambie unakuja na ile kitu?"

"Mwambie. Mwambie ninayo."

Alikata simu kabla sijamwambia habari ya betri, na mimi sikumpigia tena. Umeme uliporudi fundi akaipa betri chaji kidogo, skuta ikawaka kwa kishindo, nikaondoka bila kugeuka nyuma.

Barabara ya Momela inapita katikati ya hifadhi. Nilipofika Serengeti Ndogo, ile mbuga ya majani mafupi, taa za dashibodi zikafifia, injini ikakohoa, ikazima. Huko huruhusiwi kushuka kwenye chombo, lakini chombo chenyewe ni skuta, utakaa ndani ya nini? Nyati walikuwa wamelala upande wa pili, wanacheua wananitazama. Nilibonyeza selfu mpaka kidole kikauma. Simu haikuwa na mtandao. Nikalia kwa sauti, mwanamke mzima, nikimwambia shangazi ningoje, ningoje shangazi yangu.

Ilipita muda mrefu ndipo ikaja pikapu iliyokuwa inarudi tupu kutoka kupeleka nyanya sokoni. Dereva alisimama akatoa kichwa. "Wee mama! Hapa si pa kushangaa, hao ni nyati!" Nilipomweleza ninakokwenda na nilichobeba, alizima injini. Alishuka yeye na mwenzake wakaipandisha skuta nyuma, na akaendesha kwa kasi. Mungu ambariki popote alipo.

Ngare Nanyuki nilijua kabla sijashuka. Wanawake walikuwa wamesimama uani na hakuna aliyekuwa anafanya kazi. Naomi alinijia, akanishika mabega.

"Ameondoka sasa hivi tu," akasema. "Maji ya kumwogesha bado yako jikoni."

Nilimwonyesha khanga. Hakuigusa.

"Nilipomwambia unakuja na isale," akasema, "alituambia tumwogeshe, tumvalishe kitenge chake cha kanisani, tumkalishe kitini. Tukamkatalia. Akatukemea, na hiyo sauti hatujui aliitoa wapi. Akasema isale haipokelewi umelala. Tukamweka kitini na mito pande zote. Kila pikipiki ikipita anauliza, ndiye huyo? Amefia pale pale, ameketi."

Nikamwomba aipokee yeye. Naomi akatikisa kichwa huku machozi yanamtiririka. "Haikuwa yangu, mdogo wangu. Ningeipokea ningekuwa namdanganya mjomba."

Asubuhi yake, fundi wa pale kijijini aliiwasha skuta kwa betri ya kuazima, akapima huku injini inanguruma. Ndivyo ilivyotakiwa kupimwa tangu mwanzo. Umeme wa injini ulikuwa haufiki kwenye betri kabisa. Soketi ya waya unaopeleka chaji ilikuwa imeungua, nyeusi tii. "Ungeweza kuchaji betri mwaka mzima," akasema, "ingekula ilichonacho na kufa." Akakata palipoungua, akaunga waya mpya. Kazi ya muda wa kunywa soda.

Safari ya kurudi, skuta ilikwenda vizuri kuliko siku zote, mpaka nikaichukia. Niliyojifunza ni haya, na ninayaandika kwa ajili ya wengine: chombo kikikosa chaji usiulize betri peke yake, uliza na kinachoilisha. Na mtu akikwambia nakukimbiza kwa mgonjwa, panda. Sukari na skuta vitakukuta.

Baba alikuwa barazani. Habari za msiba alishapigiwa, lakini habari ya isale hakuna aliyethubutu kumwambia. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda mbele yake, nikaweka khanga mapajani mwangu.

"Aliipokea?"

"Hapana, baba. Nilichelewa. Lakini aliikubali. Aliomba akalishwe kitini aipokee, akakungoja ameketi mpaka mwisho."

Nilidhani hayo yatamfariji. Baba alitazama barabarani.

"Alikuwa mgonjwa," akasema. "Mngemwacha alale."