Injini Niliyoirekebisha Ikiwa Baridi

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Shefu wa garaji, mzee mnene kutoka Butembo, alinisimamisha mbele ya pikipiki isiyo na kiti akaniambia niiwashe. Nilikuwa nimejigamba kwake kwamba kazi naijua. Nilipiga kiki mpaka jasho likaniingia machoni, na kila nilipopiga nilizungusha gesi, kama wafanyavyo wajinga wote. Haikuwaka.

"Wacha gesi," akasema. "Tafuta na muguu fasi yenye iko nguvu, polepole. Ukiisha kuipata, piga mara moja tu."

Nikaisikilizia kwa mguu mpaka nikapata mahali pistoni inapokaza, nikapiga. Ikawaka. Wenzangu walinicheka wiki nzima.

Pikipiki zile tuliziita triali. Zilikuwa nyepesi, gia ya kwanza ilikwenda pole kuliko mtu anayetembea, na dereva aliziendesha akiwa amesimama. Shirika letu la afya lilizileta kwa sababu ya mawe ya volkano, yanayomaliza magurudumu na viuno vya watu. Wauguzi walizitumia kupeleka chanjo kutoka garaji yetu ya Ndosho hadi vijiji vya Rutshuru.

Kuwasha hakukuwa kazi kubwa. Kazi kubwa ilikuwa karbirateri, kile kidude kinachochanganya hewa na esansi, yaani petroli, kabla haijaingia kwenye injini. Ubavuni mwake kuna skrubu ya hewa: ukiifunga, esansi inazidi, ukiifungua, hewa inazidi. Shefu alikuwa na sheria moja ambayo hakuifanyia mzaha kamwe: skrubu ile haiguswi mpaka injini ipate moto. "Weka mukono kwa silinda," alisema. "Kama unahesabu tatu na haujautoa, ingali baridi." Injini baridi hupenda esansi nyingi. Ukiirekebisha hivyo hivyo, itawaka vizuri asubuhi mbele ya watu, lakini ikishapata moto, ukiizima, itajaa esansi na kugoma mpaka ipoe.

Shefu alistaafu, nikabaki chini ya lojistisie, msimamizi wa magari na esansi ya shirika, kijana wa kalamu na viatu safi. Vita vilipofunga barabara, esansi ikawa adimu, akaja garajini asubuhi moja.

"Papa, musiwashe tena moto bure. Ile dakika kumi ya kupasha injini ni esansi ya kufika Kanyaruchinya. Mupange skrubu injini ikiwa baridi."

Hesabu yake ilikuwa ya uongo, nami nilijua. Ningeweza kumwambia. Nikasema, "Ndiyo, shefu."

Asubuhi hiyohiyo muuguzi Kambale alikuja kuchukua triali yake. Alikuwa mtu wa masihara, na tulipenda kutaniana. Siku hiyo hakutania.

"Muzee, unipangie muzuri. Kule Kalengera kuko vita, sitaki kupiga kiki mbili."

Nikafunga skrubu, injini ikiwa baridi kama jiwe. Ikawaka kwa kiki moja. Akanipiga begani, akaondoka na sanduku la chanjo mgongoni.

Mchana risasi zililia Kalengera. Kambale alikuwa ndiyo kwanza azime injini. Wanawake waliojificha migombani walimwona akipiga kiki, akipiga, akipiga. Watu walimkuta amelala kando ya pikipiki, hana uhai.

Triali ilirudishwa garajini siku tatu baadaye. Lojistisie akaniamuru niiwashe mbele ya wote. Kiki moja tu, ikanguruma. Akaandika kwamba pikipiki ilikuwa nzima, dereva aliingiwa na hofu akazidisha gesi. Nilisimama pale na kitambaa mkononi, nikafuta tangi.

Walipoondoka niliiwasha tena, nikaiacha ingurume mpaka mkono ukashindwa kukaa kwenye silinda. Nikaizima. Nikapiga kiki kumi na moja, kwa mguu uliofundishwa na Shefu, bila kugusa gesi. Kimya. Kisha nikafanya jambo ambalo hadi leo linanitia aibu kuliko kosa lenyewe. Niliifungua skrubu nusu mzunguko, nikaikausha buji, ile plagi ya kuwashia, nikapiga. Ikawaka. Baada ya hapo hakuna mtu angeweza kujua.

Nilifanya kazi miaka mingine mingi. Sikurekebisha tena injini baridi, hata nilipotishiwa kufukuzwa. Watu waliniita fundi makini, nami nilizipokea sifa hizo nikichukia sauti ya anayezitoa. Sasa nimestaafu. Mafundi vijana wa Ndosho huniuliza siri ya kazi, nami huwaambia: pasheni injini, na bosi akikataza, kataeni. Ni rahisi kusema ukiwa huna bosi.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilikwenda kwa Mama Masika, mjane wa Kambale. Miaka yote hii alikuwa akinisalimia sokoni kwa furaha, kwa kuwa mumewe aliniamini. Nilimweleza yote, tangu amri ya lojistisie hadi nusu mzunguko ule. Nilingoja alie, au anifukuze. Aliendelea kuchambua maharagwe.

"Ile karatasi yenu ilisema aliogopa," akasema. "Mimi niliamini. Batoto bangu bamekulia na ile. Wa kwanza, bakimuuliza juu ya baba yake, anasikiaka haya."

Nilikuwa nimedhani niliua mtu mmoja, basi.

"Unisamehe, mama," nikasema.

"Ile tutaona baadaye. Sasa ikala hapa. Batoto batakuya kula, moja moja. Utabaambia weye mwenyewe, na kinywa yako."

Nikakaa. Wa kwanza kuingia alikuwa na sura yote ya Kambale, na aliinama kunipa mkono kwa heshima.

"Jambo, muzee," akasema.