Bakuli Dogo la Runji

Runji wa Githongo alikuwa mlaji, na hakuona haya kusema hivyo. Karamu ya mahari haikuanza mpaka afike, wala haikuisha mpaka amalize kuguguna mfupa wa mwisho. Alipopita miaka sitini, moyo ukaanza kumsumbua. Miguu ilivimba, pumzi zikawa fupi, na safari ya kutoka kitandani hadi zizini ikawa na vituo viwili. Siku moja, mwanzo wa Hali ya Hatari, alianguka uani, wanaume wanne wakambeba kwa machela hadi zahanati.

Dresa mmoja, Naftaly, alimsikiliza kifua, kisha akamgeukia mke wa Runji, Ciakuthii. Alimweleza kwamba moyo wa mzee umechoka kuuhudumia mwili mzito namna ile. Dawa ilikuwa kidogo. Kubwa ni mzee ale nusu ya alichozoea.

Ciakuthii alikasirika, tena sana. Yeye mwenyewe alikuwa mwembamba, na watu wangesema anampunja mumewe ili ashibe yeye. Lakini kumzika pia hakutaka. Akanunua bakuli dogo, akawa anampakulia humo, na Runji akanuna mwezi mzima kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Baadaye uvimbe ulipungua. Akaanza kulala vizuri, akaacha kunung'unika.

Haukupita muda mrefu, serikali ikawahamishia watu wote katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki, wasije wakawapelekea chakula wapiganaji wa msituni. Kila Jumamosi hedimani, yaani mkuu wa kijiji, Mithika, aligawa unga kwa kuhesabu vichwa. Majirani walilalamika njaa. Kwa Runji unga ulibaki, maana mzee hakuliacha bakuli lake. Ciakuthii alilelewa kwamba nafaka haitupwi wala hairudishwi, kwa hiyo kilichobaki akakitia kwenye debe chini ya kitanda. Akiba haiozi, alijiambia. Maskini, hapo ndipo alipojiponza.

Siku ya msako homugadi, walinzi wa serikali, walilitoa debe limejaa. Katika kijiji chenye njaa, unga usioliwa ulikuwa na maana moja tu: unamngoja mtu wa msituni. Ciakuthii akafungwa mikono, akapelekwa kituoni juu ya kilima, akaambiwa kesho yake atapelekwa kizuizini. Alieleza habari za moyo na bakuli. Wakamcheka. Runji ale nusu? Runji yupi huyo?

Runji alikuwa mtoni akichota maji. Kathambi, jirani yao, ndiye aliyemletea habari. Mzee hata hakuutua mtungi. Alikipanda kile kilima nao begani, kilima ambacho vijana hukipanda wakihema, asipumzike hata mara moja. Mithika alimwona akija tangu chini. Alikuwa mmoja wa wale wanne waliombeba kwa machela. Alimwekea kiganja kifuani, akakiacha hapo kwa muda. Moyo ulikuwa ukipiga taratibu.

Akaamuru mwanamke afunguliwe. Debe akalizuia.

"Kama nusu inawatosha," alisema, "basi mtapewa nusu."

Jumamosi iliyofuata walipewa posho ya mtu mmoja. Ciakuthii alisonga ugali, akajaza bakuli dogo kama kawaida, akajibakizia ukoko. Runji aliumia kuona hivyo. Alimsukumia bakuli. Mkewe akalirudisha. Mzee akalisukuma tena.

"Kula, Baba Kanana," alisema Ciakuthii. "Huo moyo nimeupigania mimi."

"Na wako je?"

"Wangu haukuwa mgonjwa."

Hivyo ndivyo walivyokula, mwaka mmoja na miezi kadhaa, mpaka posho iliporudishwa. Runji alipungua kidogo tu, kwa kuwa alishazoea. Ciakuthii hakuwa na nyama ya kupunguza. Masika ya pili alishikwa na kikohozi ambacho mtu aliyeshiba angekiondoa kwa wiki moja; yeye kilimchukua.

Siku ya Uhuru Runji alikwenda kwenye sherehe kwa miguu yake, akapanda, akashuka, moyo mzima. Palichinjwa fahali. Alipopewa sahani, alikata kilichomo katikati, akala upande mmoja. Upande wa pili hakumpa mtu.